Unene wa Ukuta

Keziah alikuwa akikwangua wino wa ramani kwa wembe, akiufuta polepole ukuta wa mnara wa kanisa aliouchora baba yake juzi, alipomsikia nyuma yake.

"Nani kakutuma ubomoe kanisa langu, binti?"

"Afadhali nilibomoe mimi kwenye karatasi, baba. Kengele ni nane. Ukuta huu utabeba nne."

Mzee alicheka. Kibao cha mlangoni kilisema "Msanifu Majengo na Wanawe", ingawa wana wote walishakimbilia London. Aliyebaki kuchora ni huyu binti.

Akachukua bikari, akapima. Akapima tena. Kidole chake chenye madoa ya wino kikabaki juu ya ukuta ule.

"Mnara wa kanisa la Marlby," alisema taratibu, "niliuchora kwa kipimo hiki hiki."

Keziah aliweka wembe chini. Mnara wa Marlby ulikuwa umekwisha kujengwa, na kengele zake nane zingepigwa kwa mara ya kwanza Jumapili.

"Leo Ijumaa, baba."

"Funika wino. Mchoro huu utaumalizia kesho." Mzee alikuwa akitafuta kofia yake. "Na wewe vaa yako, twende Marlby kabla kengele hazijapigwa. Kasisi wa huko atauliza nani aliyeligundua kosa, nami sitaki kumdanganya."