Jina la Bibi

Magharibi ilipoingia, taa za uwanja wa mbao za magurudumu ziliwaka, kila moja ikimfuata mtoto wake kokote alikoteleza. Siku hizi taa za mji humtambua mtu kwa jina, na marehemu hana mwanga. Mwanakombo peke yake alibaki gizani.

Mama yake, Rukia, akaigonga nguzo ya taa iliyoliwa na chumvi ya bahari. "Mbona mwanangu humuoni?"

"Mwanakombo amefariki," nguzo ikajibu. "Wewe mwenyewe ulitoa taarifa. Poleni kwa msiba."

"Jamani, aliyefariki ni mama yangu! Huyu ni somo yake, nilimpa jina la bibi yake!"

"Poleni kwa msiba."

Magurudumu yakakwaruza saruji, yakasita. "Mama, unaniona?"

"Nakuona, mwanangu," alisema Rukia, akilikodolea macho giza tupu.