Onyo Lililozimwa

Sheria ilikuwa moja kwa kila nyumba: mzazi huandika msimbo wa kifaa cha kumbukumbu kilichomo kichwani mwa mtoto, na mtoto akikua, humwandikia mzazi. Asubuhi hiyo Somoe alikuwa jikoni akirekebisha msimbo wa mama yake, na kompaila, programu inayokagua msimbo, ikang'ang'ania onyo lile lile. Kumbukumbu ya mazishi ya baba ilikuwa na alama ya *const*, yaani isibadilishwe, naye Somoe alikuwa akiipeleka kwenye sehemu ya msimbo inayoweza kuibadilisha.

Wavivu hulizima onyo kwa neno moja tu. Somoe hakuthubutu. Alirudi mistari ya juu ya msimbo, akaandika *const* kwenye mlango wenyewe wa sehemu ile: soma, usiguse. Onyo likatoweka.

"Mama, baba unamkumbuka?"

"Nimsahau vipi, na kanzu yake ile ya kahawia!" Bi Kibibi akacheka, huku akijifuta machozi.

Somoe akashusha pumzi. Kwa furaha tu akafungua faili la msimbo wa kichwani mwake mwenyewe, aone mama alivyoandika zamani. Mahali pamoja *const* ilikuwa imeondolewa, onyo likazimwa, kumbukumbu ya mtu mmoja ikafutwa pamoja na jina lake, na pembeni mama ameandika: "Asiumie tena."

Akainua macho. Bi Kibibi alikuwa akimmiminia chai. Somoe alitaka kuuliza, ila hakujua aulize kuhusu nani.