Kinga ya Mashine ya Nyama

Hamissi kinyozi alitapika palepale mbele ya redio, mteja wake akiwa nusu kanyolewa. Hadithi ya Urbano ndiyo iliyomtapisha.

Urbano alikuwa mwalimu huko Muyinga, mtoto wa waliorudi kutoka Tanzania. Hadithi aliibuni, ila uchungu wake haukuwa wa kubuni. Mdogo wake, Jeska, alifanya kazi kwenye kiwanda cha soseji Gitega, na mashine ya kusaga nyama ilikuwa imemla kidole kimoja. Alikuwa akiisukuma nyama kwa mkono mtupu, kama wote walivyozoeshwa, maana mti wa kusukumia uliwachelewesha na wakubwa hawakutaka mashine isimame. Akafungwa kitambaa, akarudishwa kazini.

Basi Urbano akamwandika binti wa kubuni, akampa maumivu yale yote, nayo hadithi ikasomwa redioni. Kwamba kidole kilikwenda na soseji, alilitaja hilo kwa mstari mmoja tu, kwa kupita.

Weee! Mstari huohuo ndio uliowasha moto. Muyinga mpaka Gitega, soseji zikakosa mnunuzi. Wakaguzi wakamiminika, kiwanda kikafungwa. Kila aliyekutana na Urbano alitaka kujua kidole kililiwa na nani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za yule binti.

"Mi nilikuwa nakula ile soseji kila dimanche, Jumapili haipiti bila hiyo," Hamissi alimlalamikia, utadhani yeye ndiye aliyekatwa.

Ilimuuma Urbano, ilimuuma kweli. Alijiona kasalitiwa na watu wake mwenyewe, wale aliowamwagia moyo wakachagua kufikiria matumbo yao.

Kisha kiwanda kikafunguliwa, na habari zikafika Muyinga kwamba mashine imewekewa kinga. Urbano hakungoja aambiwe mara ya pili. Akapanda basi la Gitega.

Meneja, Bwana Thomas, alimpokea vizuri mno, kama mkwe. Akamzungusha kila pembe: vigae vyeupe mpaka juu, maji ya moto, wafanyakazi wenye kofia na glavu. Palinukia sabuni. Akamweleza kwamba wakaguzi wameridhika, na wateja wamerudi wote.

"Na ile kinga?" Urbano aliuliza.

"Chuma kitupu, Monsieur Urbano. Tangu tuiweke, imeshatuokoa mara moja."

Machozi yalimlengalenga Urbano. Alimfikiria mtu huyo asiyemjua, aliyerudi kwa watoto wake na mkono mzima kwa sababu ya hadithi iliyoandikwa Muyinga. Kinyongo chote alichokuwa nacho kwa wasikilizaji kikamtoka. Waulize tu habari za soseji, si kitu, mradi kuna mtu kapona. Akaomba aonyeshwe.

Jeska alikuwa mashineni, anasukuma nyama kwa mkono, hakugeuka. Mdomo wa mashine ulikuwa wazi vilevile. Wavu mpya wa chuma ulifungwa upande wa pili, pale nyama iliyosagwa inapotokea kwenda kuwa soseji, na kwenye glavu ya Jeska vidole viwili vilining'inia vitupu.