Rubani Aliyelala

Viti viligongwa sakafuni kabla taa hazijawashwa, na mtafsiri akajua kimenuka.

Kwa miezi mitatu mtaa mzima uliisubiri filamu hii ya chombo cha angani. Kwenye skrini rubani alikufa kwa baridi. Mtafsiri, aliyeisimulia papo hapo kwa Kiswahili kutoka kibanda chake cha nyuma ya ukumbi, alisema rubani amelala tu, atarudi kwa mkewe.

"Muongo! Yule kafa!" walifoka wa mbele.

"Nendeni mkalale nyie! Filamu tamu hii!" walijibu wa nyuma.

Kibanda kilikuwa na mlango mmoja, nao ulitokea ukumbini. Mtafsiri aliuzungusha waya wa kipaza sauti kidoleni mpaka kidole kikafa ganzi.

Mwenye ukumbi alisukuma mlango, amefura. "Kesho huyo rubani afe, la sivyo ukae kwenu."

"Sawa, bosi."

Nyuma ya bosi alisimama mama mshonaji, ambaye mumewe, dereva wa lori, alikuwa hajaonekana mwaka wa pili sasa. Macho ya mama yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, kesho nakuja na wanangu. Rubani atarudi?"

Mtafsiri alimtazama bosi, kisha akamgeukia mama.

"Atarudi, mama. Nakuahidi."