Mfalme Asiye na Maneno

Villads Krogh aliigiza wafalme jukwaani tangu ujanani, na kwa sababu ya filamu sura yake ilijulikana hata na watu ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbini. Lakini majira yale ya baridi maneno yalianza kumkimbia katikati ya sentensi. Mwongozaji wa tamthilia akamwita pembeni.

"Mzee, safari hii utakuwa mfalme aliyekufa. Utalala tu."

"Kulala nitaweza," Villads alijibu.

Basi alasiri ya onyesho alilazwa ndani ya jeneza katikati ya jukwaa, mikono kifuani, uso umepakwa poda nyeupe. Signe, aliyeigiza binti yake, alipiga magoti kumlilia. Villads akahisi chozi la moto likimwangukia shavuni, kisha jingine. Hayakuwa machozi ya kuigiza. Juma lililopita Signe alikuwa amemzika baba yake mzazi, na wenzake wote walilijua hilo. Sauti yake ikakatika. Ukumbi mzima ukawa unamngoja.

Villads alitamani kumwita kwa jina, lakini maiti haisemi. Chini ya ushungi wa Signe, ambako watazamaji hawakuona, akakitafuta kidole cha mwenzake, akakibana. Signe akavuta pumzi, akayamalizia maombolezo.

Pazia lilipofungwa, Signe alimwinamia. "Amka, baba. Wanatungoja tukawashukuru."

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi niache kidogo."

Makofi yaliendelea upande wa pili wa pazia. Signe hakwenda. Aliketi ukingoni mwa jeneza, akaanza kumpangusa poda usoni, taratibu, kwa pindo la ushungi.