Harage Moja

"Nani?"

Mwenyekiti alilishika lile harage jeusi kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota mende kwenye sahani.

"Sita meupe, moja jeusi. Nauliza, nani?"

Mama Cherehani alijitia kukagua kucha zake.

Ofisi ya kanisa ilikuwa na dirisha moja la nondo na mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa na kufuli kwa nje. Ndiyo desturi ya kamati ya uwekezaji tangu ianzishwe. Kila mjumbe anapewa maharage mawili: jeupe ukikubali, jeusi ukikataa. Unaingiza ngumi kwenye chungu, unaachia moja, lingine unabaki nalo mkononi. Mtunza kanisa hafungui mpaka yote yawe rangi moja. Moyo mmoja, au mnalala humo.

Siku hiyo hoja ilikuwa nyepesi. Mfuko wa kanisa ulikuwa na nusu ya ghala moja nyuma ya soko. Kamati iliyopita ilinunua ikijua ni ghala la soda, kumbe ni la bia. Sasa nusu hiyo iuzwe, hela ikajenge kliniki ya wajawazito.

Asubuhi nzima watu walishusha mahubiri. Fundi Magari alisema hela ya Bwana hailazwi kwenye kreti za bia. Kiongozi wa Kwaya alilia kabisa, machozi na kamasi. Mama Cherehani aliitikia "Amina!" kuwashinda wote.

Halafu akaingiza ngumi kwenye chungu, akaachia jeusi.

Afanyeje? Mumewe alikuwa mbeba kreti kwenye ghala hilohilo, ingawa kanisani alijulikana kama mtu wa usafirishaji. Kanisa likijitoa, ghala linafungwa mwisho wa mwezi. Mwenye nusu nyingine alishasema. Na cherehani peke yake haiwezi kulisha watoto watatu, mmoja wa kifua, wa dawa kila siku. Jana tu mumewe alimwambia, "Mama watoto, kesho usijitie ulokole. Tutakula hizo Amina?"

"Aliyefanya hivi ajitokeze," Mwenyekiti alisema.

"Kura ni siri, kaka," alidakia Mkunga, ambaye ndiye aliyeleta hoja ya kliniki. "Tena tusimshambulie. Huenda ana sababu zake."

"Sababu gani ya kutetea bia?"

"Sitetei bia mimi. Nasema tu."

Fundi Magari alijikuna shingo. "Hivi hiyo kliniki itaanza kutoa gawio lini?"

"Baada ya miaka mitano."

"Mitano!" Akajifuta jasho. "Nauliza tu, jamani. Msinitolee macho."

Kiongozi wa Kwaya aliinua uso kwenye dari. "Na haya mabati mapya, tuliyalipia kwa hela ipi?"

"Gawio la ghala," Mwenyekiti alijibu. "Na viti. Na kinanda chako."

Wale wazee wawili wa kanisa, waliokuwa wakisinzia tangu sala ya kufungua, walifumbua macho kwa pamoja.

Mama Cherehani hakuyafuatilia hayo. Masikioni mwake mlikuwa na moyo wake tu, ukigonga kama mashine iliyokatika uzi. Kila aliyekohoa alimwona anamkohoa yeye. Kila aliyenyamaza, ameshamjua. Watakatifu sita, na yeye katikati yao na ghala zima la bia tumboni.

Akageukia dirisha apate hewa. Nje, kwenye bomba la kanisa, mwanamke mwenye mimba kubwa alikuwa ameweka ndoo chini, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukutani, anasubiri maumivu yapite.

Mama Cherehani aliyajua maumivu hayo. Kitinda mimba wake alizaliwa nyuma ya lori la mkaa, katikati ya safari ya kutafuta hospitali. Ndiye huyo wa kifua.

"Tunarudia," Mwenyekiti alisema. Akavua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi. "Kila mtu na dhamiri yake."

Maharage yakagawiwa upya. Chungu kikazunguka. Kilipofika kwake, Mama Cherehani aliingiza ngumi. Nisamehe, baba watoto, alisema moyoni. Tutakula nini, sijui.

Akaachia jeupe.

Mwili ukawa mwepesi kama ametua ndoo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akawatazama wenzake usoni. Ajabu, hakuna aliyemtazama. Mkunga alikuwa akihesabu vigae vya sakafu.

Mtunza kanisa aligonga mlango. "Vipi huko, nifungue?"

"Subiri."

Mwenyekiti alipindua chungu juu ya meza. Maharage yakatawanyika, meusi, meusi, meusi, sita kwa hesabu, na moja jeupe likabingirika peke yake mpaka ukingoni. Akalidaka kabla halijaanguka, akaliinua kwa ncha za vidole.

"Usifungue!" alipaza sauti mlangoni. Kisha akawageukia wajumbe. "Nani?"