Meza ya Dirishani

Mayai yalivunja ukuta wa unga na kutiririka kuelekea ukingo wa meza. Gervas aliyazuia kwa mikono yote miwili.

"Kaka, unakanda au unaogelea?" Elieth aliuliza.

Mwalimu Edah alicheka. Gervas akashusha pumzi. Kicheko hicho ndicho alichokifuata mpaka mji huu wa Bowie, ughaibuni.

Walikuwa wanafunzi watatu tu jikoni kwa Donatella, mama wa Kiitaliano aliyefundisha kupika tambi nyumbani kwake siku za Jumamosi. Zamani alikuwa muuguzi wodi moja na Lorraine, mchumba wa Gervas, na Lorraine ndiye aliyeupanga mchana ule. Mama yake, Mwalimu Edah, alikuwa ametoka Bungoma kumtembelea, na alitaka kumwona huyo Mtanzania kabla hajasema lolote kuhusu ndoa. Hakutaka kumwona sebuleni akiwa amevaa suti. Alitaka kumwona akifanya kazi. Elieth, jirani yake Gervas huko Oxon Hill, alikuja ili maongezi yasikauke.

Lorraine alikuwa amesema wazi: "Mama akikataa, mimi simpingi. Tutaachana."

Na mama alishawahi kukataa. Krismasi ya 2004 Lorraine alimpeleka mpaka Bungoma mchumba wake wa wakati ule, Kuria, mhasibu mwenye shahada mbili. Mwalimu Edah alimkaribisha, akampakulia kuku, wakala pamoja na kucheka mpaka jioni. Kesho yake akasema hapana.

Gervas hakuwa na shahada hata moja. Alikuwa fundi magari wa miaka arobaini na sita, na kucha zake hazikuwahi kutakata.

Lakini mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu Edah alimpa mkono mlangoni. Alionja rojo la nyanya kwa mwiko aliokuwa ameonjea Gervas, akasema chumvi bado. Sasa wote walikuwa wamesimama kwenye meza moja kubwa, wakikanda.

"Kijana," Mwalimu Edah alisema, "shule uliachia wapi?"

Elieth alimkanyaga Gervas mguu. Jibu walikuwa wameliandaa ndani ya gari: chuo cha ufundi, Dar es Salaam.

"Darasa la saba, mama," Gervas alisema.

"Kwa nini?"

"Nilifeli. Baadaye nilipata nafasi ya kurudi, sikurudi. Nilipenda gereji."

"Na binti yangu yuko chuo kikuu hapo Fairfax, anasomea shahada ya pili."

"Ndiyo, mama. Akitoka huko usiku ananikuta nimepika. Ila ni wali na maharage kila siku, amechoka navyo. Ndiyo maana nataka kuzijua hizi tambi."

"Akimaliza atakupita mbali."

"Ameshanipita. Mimi sioni aibu. Wewe unaona?"

Elieth alifumba macho. Hata Donatella, ambaye hakuelewa neno, aliacha kukatakata vitunguu.

Mwalimu Edah alimtazama Gervas. Kisha alijifuta unga mikononi, polepole, kidole baada ya kidole. Alichukua donge lake, akahamia kwenye meza ndogo ya dirishani, akawapa mgongo.

Tangu hapo hakumtazama tena. Gervas alipompelekea mti wa kusukumia, hakugeuka.

"Elieth, mwambie aweke hapo."

Gervas aliuweka. Mwalimu Edah alisubiri mpaka Gervas amerudi upande wake wa jiko, ndipo akanyoosha mkono kuuchukua.

"Umekwisha," Elieth alinong'ona. "Nilikwambia useme chuo cha ufundi."

"Ningesema, halafu?"

"Halafu ungeoa, mjinga wewe!"

Tambi ziliiva. Nyumba ya Donatella ilikuwa na sharti moja: waliopika pamoja hula pamoja. Alitandika kitambaa, akawasha mshumaa, akavuta viti. Mwalimu Edah alitikisa kichwa. Alibeba sahani yake mpaka sebuleni na kufunga mlango.

"Chakula ni kibaya?" Donatella aliuliza kwa Kiingereza.

"Kichwa kinamuuma," Elieth alimwambia.

Gervas alizungusha tambi kwenye uma mara mbili, akauweka chini. Zilikuwa laini, zimekolea nyanya.

Honi ililia nje. Lorraine alikuwa amekuja kumchukua mama yake. Gervas alisimama mlangoni ili angalau amuage. Akanyoosha mkono. Mwalimu Edah alipomwona pale, alirudi nyuma, akapita jikoni, akatokea mlango wa uani. Walimsikia akizunguka nyumba kwenye nyasi zilizolowa.

"Mimi nimeona wakwe wabaya," Elieth alisema, "lakini huyu!"

Gervas alitoka na aproni yake bado kiunoni. Ni afadhali Lorraine ayasikie kwake.

"Imekuwaje?" Lorraine aliuliza akishuka garini.

"Imekwisha. Aliniuliza shule, nikamwambia ukweli. Akahama meza. Chakula hakutaka kula na mimi, mkono wa kwaheri pia amenikatalia." Alifungua kamba za aproni. "Usigombane naye. Ni mama yako. Kesho nitakuletea vitu vyako."

Lorraine alitazama kando ya nyumba. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya uzio, mtandio ameuvuta mpaka shavuni, akisubiri Gervas aondoke njiani. Machozi yakamjaa Lorraine.

"Aki Gervas," alisema, "kwa mila za kwetu mama anaweza kula na mtu yeyote, hata yule asiyemtaka. Mtu ambaye hawezi kula naye ni mkwe wake tu."